Sahihi 757

Mwezi wa Mei 2017 nilikesha kwenye baraza ya mjomba wangu, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, nikihesabu sahihi za watu. Mjomba alikuwa ameamua kuwania uwakilishi wadi bila chama. Vyama alikuwa amevichoka. Mara mbili aliangushwa kwenye mchujo ambao matokeo yake, kwa maneno yake mwenyewe, yaliandikwa kabla ya masanduku kufunguliwa. Katiba ya Kenya inamtaka mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapigakura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo hiyo. Sisi tulikuwa nao 612. Tulikuwa pia na dele la kahawa chungu, kashata za nazi kwenye sahani ya bati, na kalamu moja nyekundu.

Yeye akisoma, mimi nikipekua. Jina, namba ya kitambulisho, sahihi. Jina, namba, sahihi. Tulipofika ukurasa wa kumi na moja nikasita. Watu kumi na wanne walikuwa wamefuatana kwa mwandiko mmoja, wino mmoja, na herufi y zote zimepinda mkia upande wa kushoto. Kijana tuliyemlipa azunguke nyumba kwa nyumba alikuwa amekaa mahali, akaagiza chai, akawaundia majirani sahihi zao. Mimi nilitaka tuyaache yapite, nani angeangalia? Mjomba akavua miwani.

"Mjomba, kata," akaniambia. (Sisi huitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba.) "Bora tukate sisi kuliko kukatwa."

Tukawakata hao, tukakata waliojirudia, tukakata wa wadi jirani waliotia sahihi kwa ukarimu tu. Muadhini alipoadhini alfajiri tulikuwa na 527. Karatasi zikapita bila neno. Uchaguzi wa Agosti akashika nafasi ya nne.

Usiku ule ulinirudia miaka michache baadaye, nikisoma habari za Barack Obama kabla hajajulikana. Nilifika mahali ambapo watu wengine, katika mji mwingine, walikaa na orodha za sahihi wakizipekua moja moja. Ila wao hawakuwa wakikagua karatasi zao. Walikuwa wakikagua za wapinzani.

Kwetu huku Obama ana ncha mbili tu. Ncha ya kwanza ni baba yake, kijana wa Alego aliyepanda ndege mwaka 1959 kwenda kusoma Hawaii. Ya pili ni Ikulu ya Marekani, na ile Alhamisi ya tarehe 6 Novemba 2008 ambayo Rais Kibaki aliifanya sikukuu ya taifa zima. Katikati tunaruka kama mtu anayeruka dimbwi. Na neno lenyewe, seneta, linatuponza. Kogelo kuna shule iliyopewa jina la Seneta Obama. Aliizuru mwezi wa Agosti 2006, na jina likabaki la useneta hata alipokuwa rais. Bia ya Senator Keg, ile ya pipa ya bei nafuu, walevi waliibatiza "Obama" na ukiiagiza kwa jina hilo unaletewa. Ukisema seneta, kila mtu anafikiria Washington.

Lakini alikuwa seneta mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika bunge la jimbo la Illinois, katika mji wa Springfield, kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004. Huko alikaa karibu miaka minane. Washington alikaa karibu minne tu kabla ya kuitwa rais mteule. Msomaji wa Kenya akitaka kipimo, afikirie bunge la kaunti kuliko Seneti ya Nairobi: watu wa barabara, shule na malalamiko ya mtaani. Tofauti ni kwamba bunge la jimbo la Marekani lina meno. Linatunga sheria za jinai, linaweka kodi, na siku zile Illinois lilikuwa na usemi hata juu ya adhabu ya kifo.

Nasaba na masomo nitapita haraka, yameandikwa vya kutosha. Alizaliwa Honolulu mwaka 1961. Alikwenda Chicago mwaka 1985 kuwapanga wakazi wa upande wa kusini wa jiji wadai haki zao, akizunguka Roseland na mtaa wa nyumba za serikali uitwao Altgeld Gardens. Akaenda Harvard kusomea sheria, akarudi Chicago. Mwaka 1992 aliongoza kampeni ya kuandikisha wapigakura iliyoitwa Project Vote, na hili lishike, kwa sababu mtu aliyeandikisha wapigakura kwa maelfu anaijua fomu kama mvuvi anavyojua nyavu zake. Baadaye alikuwa wakili wa kesi za haki za kiraia na akafundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago.

Sasa tuje mwaka 1995. Wilaya ya 13 ya Seneti ya Illinois ilikuwa na maprofesa wa Hyde Park upande mmoja, na upande mwingine mitaa ya watu weusi ambako viwanda vilishafungwa na kazi zikaondoka navyo. Seneta wake alikuwa Alice Palmer, mwanamama msomi aliyeheshimika. Palmer akaamua kuwania kiti cha Kongresi kilichoachwa wazi na Mel Reynolds, na akamtambulisha Obama kwa watu wake kama kijana ambaye angependa amrithi. Septemba Obama akatangaza. Novemba Palmer akashindwa vibaya katika mchujo: Jesse Jackson Mdogo alishinda, yeye akawa wa tatu. Wazee wa siasa wakamwendea Obama wakamwomba ampishe mama arudi kwenye kiti chake. Akakataa.

Palmer akaamua kukitetea kiti hicho hicho, akakusanya sahihi mbiombio, akawasilisha Desemba akiwa nazo kama 1,580. Sheria ilihitaji 757. Ukiangalia kwa jicho la kawaida unaona ana mara mbili ya zinazotakiwa, unalala usingizi.

Siku moja baada ya Mwaka Mpya wa 1996, watu wa Obama walifika ofisi ya tume ya uchaguzi ya jiji na kuanza kuzipitia sahihi hizo wakizilinganisha na daftari la wapigakura. Huyu kaandika jina kwa herufi za chapa badala ya kutia sahihi yake, kata. Huyu anaishi nje ya wilaya, kata. Huyu hayumo daftarini, kata. Na hawakuishia kwa Palmer. Walikuwapo wagombea wengine watatu wa chama hicho hicho cha Democratic, nao wakapekuliwa mmoja mmoja. Palmer akajitoa katikati ya Januari. Watatu waliobaki wakaenguliwa. Mchujo wa Machi Obama akaupita peke yake, na kwa kuwa ile ilikuwa ngome ya Democratic, Novemba ilikuwa kama kutia muhuri.

Mtu aliyejulikana kwa kuandikisha watu wapige kura aliingia siasani kwa kuhakikisha wapigakura hawana wa kumchagua ila yeye. Nimelisoma jambo hili kwa miaka na bado sijapata upande wa kulilalia. Sheria ilikuwa upande wake kabisa. Sahihi mbovu ni mbovu. Lakini wapo watu waliotia sahihi kwa nia njema wakitaka Palmer aonekane kwenye karatasi ya kura, na hawakumwona. Yeye mwenyewe alipoulizwa baadaye hakukana, akasema kanuni ndizo kanuni. Ni jibu la wakili. Mjomba wangu angelielewa; mimi huwa nabaki nalo kooni.

Springfield iko mbali na Chicago, kiasi cha kilomita 320, barabara iliyonyooka katikati ya mashamba ya mahindi na soya. Wabunge wa Chicago huenda siku za vikao na kurudi nyumbani vikiisha. Ni mji wa Abraham Lincoln. Naye alianzia katika bunge hilo hilo la Illinois, mwakilishi kwa vipindi vinne kuanzia 1834. Ipo hadithi yake ninayoipenda kuliko zote: Desemba 1840 aliruka dirishani pamoja na wenzake, bunge likiwa linakutana kanisani, ili idadi ya wabunge ipungue na kikao kikwame. Hesabu ilikuwa imeshafanywa, mruko ukawa wa bure. Ukiona waheshimiwa wetu wanatoka ukumbini kwa vishindo, kumbuka kuna aliyepitia dirishani, na leo sura yake iko kwenye noti.

Obama aliingia upande wa wachache. Seneti ina viti 59, na Republican ndio waliokuwa na wengi, chini ya James "Pate" Philip. Mswada wa mtu wa upande wa pili ulikuwa ukienda kamatini kufa. Miaka sita hivyo. Na wenzake weusi hawakumpokea kwa vigelegele. Rickey Hendon wa upande wa magharibi na Donne Trotter wa kusini walimwona kijana wa Harvard anayesema kama anatoa mhadhara, tena aliyemng'oa mama yao Palmer. Alipowasilisha mswada wake wa kwanza mwaka 1997, mdogo tu, wa kuwaunganisha wahitimu wa vyuo vya jamii na waajiri, Hendon alisimama akaanza kumtania kuhusu jina lake, je, ni la Kiayalandi? Obama akajibu kwamba litakuwa la Kiayalandi siku atakapogombea kiti cha kaunti nzima. Ukumbi ukacheka. Chicago ni mji ambao Waayalandi waliutawala miaka mingi, na jina lao kwenye karatasi ya kura lina uzito. Utani ulikuwa na mfupa ndani.

Basi akajifunza karata. Terry Link, seneta wa Democratic kutoka vitongoji vya kaskazini, alikuwa na nyumba Springfield, na humo jioni moja kwa wiki walicheza poka: Link, Denny Jacobs, Larry Walsh na wengine, weupe kwa mweusi, watu wa mashambani kwa watu wa mjini. Wake zao na waandishi walipoulizia, jibu lilikuwa "mkutano wa kamati." Kianzio dola moja, nyongeza isizidi tatu. Waliokuwepo wanakumbuka alikuwa mchezaji mchoyo: karata mbaya huitupa mapema, haongezi dau kwa hamaki. Ukitaka picha ya mwanasiasa mzima kwenye meza moja, ni hiyo. Mimi nimetokea kwenye utamaduni wa baraza, bao na dhumna, na najua kinachofanyika pale si mchezo tu. Mtu anayekaa na wewe hadi usiku wa manane ni vigumu kukuita adui asubuhi.

Faida ilianza kuonekana mwaka 1998. Kwa kupendekezwa na Paul Simon, aliyekuwa seneta wa Illinois kule Washington, alipewa kazi ya kusukuma sheria ya maadili upande wa Democratic, akishirikiana na Kirk Dillard wa Republican. Sheria ikapita: zawadi nyingi kutoka kwa watu wanaolipwa kuwashawishi wabunge zikapigwa marufuku, na fedha za kampeni zisigeuzwe matumizi ya nyumbani. Lazima hilo liliwauma wengi. Kazi kama hiyo hupewa mgeni kwa sababu wenyeji hawaitaki.

Pia kuna zile kura za "nipo." Katika Seneti ya Illinois mbunge anaweza kusema ndiyo, hapana, au nipo. Mswada unahitaji ndiyo 30, kwa hiyo "nipo" inauzuia sawa na "hapana," bila ya kukupaka rangi. Katika kura zipatazo 4,000 alizopiga, kiasi cha 130 zilikuwa za namna hiyo. Mwaka 2008 Hillary Clinton, mpinzani wake katika mchujo wa urais, alimchapa nazo. Watetezi walisema nyingine zilipangwa na chama au na makundi ya wanaharakati kama mbinu, na ni kweli. Lakini zote? Hapana bwana. Nyingine zinanukia mtu anayeangalia mbele sana.

Na aliangalia mbele mno. Mwaka 1999 alijitosa kumng'oa Bobby Rush, mbunge wa Kongresi na mwanachama wa zamani wa Black Panther, kundi la wanaharakati weusi. Oktoba mwana wa Rush aliuawa kwa risasi, na kampeni ikawa kama inafanyika matangani. Desemba bunge la Springfield likaitwa kupigia kura sheria ya silaha, Obama akiwa Hawaii kwa bibi yake. Mtoto wake Malia, wa mwaka mmoja na nusu, akaugua, baba akabaki, mswada ukaanguka kwa kura chache. Magazeti yakamsulubu. Mtaani wakasema si mweusi wa kutosha. Machi 2000 Rush akapata asilimia 61, yeye 30.

Miezi michache baadaye alikwenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama. Pale uwanja wa ndege kadi yake ya benki ilikataliwa alipotaka kukodi gari, na alipofika mkutanoni hakuwa na kibali cha kuingia ukumbini. Alitazama hotuba kwenye skrini, akarudi nyumbani mapema. Ameisimulia mwenyewe mara nyingi.

Kilichomwokoa ni kofia.

Nasema kofia kweli. Kila baada ya sensa mipaka ya wilaya huchorwa upya, na Katiba ya Illinois inasema vyama vikikosa kuafikiana, jina la mtu wa kuvunja sare litolewe kwa bahati nasibu. Mwaka 2001 jina lilitolewa ndani ya kofia ndefu ya mtindo wa Lincoln. Likatoka la Mdemokrati. Kwa karatasi moja iliyokunjwa, chama kizima kikashika kalamu ya kuchora ramani kwa miaka kumi. Obama naye alikuwa ameshaingia chumba chenye kompyuta za ramani, akakaa na mtaalamu wa chama, wakaichora wilaya yake. Hyde Park ikabaki, kisha mpaka ukapandishwa kaskazini ukifuata ufuko wa Ziwa Michigan hadi Gold Coast, wanakoishi matajiri wa jiji. Wapigakura wengi weusi wakabaki ndani, na pamoja nao wakaingia wafadhili wa kampeni. Mwaka 1996 alichagua wapinzani wake kwa kuwafuta. Mwaka 2001 alichagua wapigakura wake kwa kuwachora.

Uchaguzi wa 2002 ramani ilizaa. Democratic wakachukua Seneti, na Januari 2003 Emil Jones, mkaguzi wa zamani wa mitaro ya maji machafu ya Chicago, akawa rais wa Seneti. Jones amependa kusimulia jinsi Obama alivyomwendea akamwambia kwamba sasa ana uwezo wa kumtengeneza seneta wa Marekani. Nani, akauliza. Mimi, akajibiwa. Jones akampa uenyekiti wa kamati ya afya, na akampa miswada. Baadhi yake wengine walikuwa wameisukuma miaka kwa miaka. Wakanung'unika, na walikuwa na haki.

Lakini mmoja ulihitaji mkono wake hasa. Illinois ilikuwa na aibu kubwa: tangu adhabu ya kifo irejeshwe mwaka 1977, watu 12 walikuwa wameuawa na serikali, na 13 waliohukumiwa kufa walionekana hawana hatia wakaachiliwa. Januari 2000 Gavana George Ryan, Republican, alisimamisha utekelezaji wa adhabu hiyo. Wengine waliokiri makosa walikiri kwa sababu walipigwa katika vituo vya polisi. Obama akataka kila mahojiano ya mshukiwa wa mauaji yarekodiwe kwa video, tangu mwanzo hadi mwisho. Polisi walikataa. Waendesha mashtaka walikataa. Akawaita mezani, siku baada ya siku, akiwaambia kwamba kamera itamlinda askari mwema na kumkamata muuaji wa kweli, akikubali neno hili libadilishwe, lile liondolewe. Mwishoni mswada ukapita Seneti bila kura hata moja ya kupinga, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge. Mwaka huo huo ikapita nyingine: polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha.

Tarehe 27 Julai 2004 alipanda jukwaani Boston, kwenye mkutano mkuu wa chama, na dunia ikauliza huyu ni nani. Alikuwa bado seneta wa jimbo. Novemba akachaguliwa kwenda Washington kwa asilimia 70, akajiuzulu Springfield siku chache baadaye, na kiti cha Wilaya ya 13 akapewa Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye leo ni mwanasheria mkuu wa Illinois.

Idi iliyopita nilimsimulia mjomba haya yote, kwenye baraza ile ile. Ya Boston hakuyajali. Ya kofia alicheka hadi akakohoa. Kisha akanyamaza, akizungusha kikombe cha kahawa.

"Huyo mama Palmer," akauliza, "sahihi zake alimpa nani akusanye?"

Nikamwambia watu wa kujitolea, wa haraka haraka, muda ulikuwa umekwisha.

"Ah," akasema. "Walikaa wakaagiza chai."